Nani Kafuta Jina la Mzee?

"Nani kachomoa flashi yangu?"

Siku ya mnada Katesh huwa na kelele zake, mbuzi, spika, matingo wa malori, lakini sauti ya Evaline Margwe ilizipita zote. Watu wote waliokuwa wamebanana ndani ya ile intaneti kafe ya vyumba viwili waligeuka. Mama mmoja aliyepakata kuku alisogea pembeni, akampisha mwenye hasira apite.

Evaline alikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya kata kule Mogitu. Kwao ni Masieda, Mbulu, kwa watu wa mahindi na maharage. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, na siku hiyo alivaa sketi ya kitenge cha kijani na sweta jeusi kwa sababu ya ule upepo wa mlima Hanang usiojua adabu. Hasira zake zilikuwa za karibu. Mwenyewe alijua, na kujua hakukumsaidia kitu.

"Mimi," kijana mmoja akajibu. Alivaa jinzi na lubega ya zambarau begani, miguuni katambuga za tairi. Ndiye aliyekuwa fundi wa pale. "Ina virusi, dada. Ingeniangushia mashine zote sita."

"Virusi unavyo wewe! Humo mna kazi yangu ya miaka miwili. Ikipotea hata faili moja, utanijua."

"Nimeshaanza kukujua," kijana akasema, na watu wakacheka. Evaline akawakodolea macho mpaka wakanyamaza.

Jina lake Gidamis. Aliisafisha ile flashi pole pole huku Evaline amesimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Faili zikarudi zote. Kisha Gidamis akafungua mojapo, akasahau kwamba ana foleni.

"Hivi vitu umetengeneza wewe?"

"Sasa atengeneze nani?"

Kwenye kioo kulikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kibuyu cha maziwa chenye mshipi wa shanga, kirago cha ngozi, na sketi ya ngozi ya mwanamke wa Kibarbaig imetundikwa ukutani. Vyote vilikuwa vya mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe ulikuwa na jina refu la Kizungu, lakini vijana wa Manyara waliuita Kijiji. Unajenga nyumba, unaweka watu ndani, unawapa vyombo, wanaishi. Waliouunda huko Ulaya waliweka makochi na majiko ya umeme, kibuyu hawakukijua. Ila waliruhusu mchezaji atengeneze vitu vyake mwenyewe, na Evaline, tangu alipokuwa chuo cha ualimu, alikuwa hana starehe nyingine.

Tatizo ni kwamba mwaka ule lilikuwa limetoka toleo la pili, na la pili halikuvitambua vitu vya la kwanza. Tovuti ya zamani ilikuwa inafungwa mwisho wa Juni. Kila kitu ambacho hakijahamishwa kingekufa nayo.

"Umejaribu kuhamisha?" Gidamis akauliza.

"Nimejaribu. Kigoda kimekuwa kikubwa kuliko nyumba."

Gidamis alicheka hadi akashika tumbo. Evaline alitaka kumfokea tena, akajikuta naye anacheka, na hilo lilimuudhi zaidi.

Basi wakaanza kukutana kila Jumamosi. Miaka ile Manyara ilikuwa bado mkoa mchanga, lami ya kwenda Singida ndiyo kwanza inamwagwa, na kila aliyekuwa na laptopu ya mtumba na modemu alijiona yuko Ulaya. Evaline alikuwa navyo vyote viwili. Alichokosa ni ujuzi wa Gidamis. Kuhamisha kitu si kunakili tu. Unakifumua kwanza: umbo huku, picha inayolivika umbo kule. Unapunguza vipimo, unapanga upya sehemu ya kushika na ya kukalia, ndipo unakifunga na kukipa lebo, yaani lile jina linalotokea mchezaji akikigusa. Ukikosea kidogo unavuna vituko. Wiki ya kwanza kibuyu kilitoka cheusi tii. Wiki ya pili kigoda kilielea hewani, na mzee mmoja wa kwenye mchezo akachuchumaa juu yake bila kukigusa.

"Anafanya nini huyo?" Evaline akauliza.

"Mwache, madam. Yuko chooni."

Walicheka hadi mwenye kafe akaja kuchungulia.

"Ukicheka hivyo," Gidamis akasema, "mtu hawezi kuamini kwamba unajua kufoka."

"Nikifoka je?"

"Ukifoka unapendeza zaidi, ila uwe unamfokea mwingine."

Mambo yakawa mambo. Simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekunywa chai na mawazo."

"Mawazo ya nani?"

"Ya kigoda."

"Kata simu basi, uongee na kigoda chako!"

"Evaline wangu, usikate. Nakutania, mama. Ninyi Wambulu mbona mnaungua haraka kama mabua?"

"Na ninyi Wabarbaig mkiona mtu anaungua mnasogea kuota moto."

Zita, mwalimu mwenzake waliyepanga naye nyumba, alikuwa anaziba masikio kwa mto. "Oaneni tupumzike," alisema.

Kitu kimoja tu Evaline hakukifanyia utani, nacho ni lebo. Jumamosi ya kwanza kabisa Gidamis aliisoma ile ya kigoda, akatulia. Iliandikwa *Kigoda cha Gidabuday*. Akafungua ya kibuyu: *Kibuyu cha Gidabuday*. Vitu vyote ishirini na vinne vilikuwa hivyo.

"Huyu mzee ulimjua?" aliuliza.

"Alikuwa pale Mogitu, nyuma ya shule. Vyombo vyote hivi nilivipiga picha nyumbani kwake." Evaline akamweleza. Mzee Gidabuday alikubali kwa sharti moja. Alisema, "Ukipeleka vitu vyangu kwenye mashine yako, jina langu liende navyo. Wenzangu wakifa watajengewa kaburi kubwa, watu wakusanyike miezi mizima na pombe ya asali. Mimi ng'ombe wangu waliisha kwa maradhi. Nitafukiwa, watu waende kulima." Mwaka uliofuata akafa, na ikawa hivyo hivyo alivyosema. "Mimi nilikuwepo mazishini," Evaline akamalizia. "Watu hawakufika hamsini. Nilimwahidi, Gidamis. Hana kitu kingine duniani chenye jina lake."

Gidamis aliinamia kibodi, akaendelea kupunguza vipimo. Evaline alidhani ni heshima kwa marehemu.

Mwanzoni mwa Juni kazi ikaisha. Gidamis akasema atavipandisha yeye kwenye tovuti mpya kutoka Babati, alikokuwa anafuata vifaa vya kafe, kwa kuwa mtandao wa huko ulikuwa na nguvu. Evaline akambusu shavuni stendi mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wake watatu, akarudi Mogitu anaimba.

Ijumaa, saa ya mapumziko, alifungua laptopu ofisini kwa walimu avione. Vilikuwepo. Watu wa Brazili na Poland walikuwa wameshavichukua, wanavisifia. Akagusa kigoda.

*Kigoda.*

Akagusa kibuyu. *Kibuyu.* Kirago. *Kirago.* Akavigusa vyote ishirini na vinne. Jina la mzee halikuwepo popote. Na juu ya ukurasa, mahali pa jina la aliyeleta, paliandikwa Gidamis.

"Mwizi!" alipiga kelele mpaka mkuu wa shule akaangusha kikombe. "Mwizi wa mchana!"

Akampigia pale pale.

"Evaline wangu, nilikuwa nakuwazia..."

"Nani kafuta jina la mzee?"

"Mimi."

"Wewe! Kwa mikono yako?"

"Ndiyo. Usikasirike kwanza. Kesho nitakuwa huko, nitakueleza."

"Nieleze sasa hivi."

"Si jambo la kwenye simu, mpenzi."

"Usiniite mpenzi! Nimekueleza mzee amekufa akiwa na neno langu, umeinamisha kichwa kama padri, kumbe unahesabu siku! Jina lake umefuta, lako umeandika. Ulitaka sifa? Ungeniambia nikupe za kwangu. Za maiti unachukuaje, Gidamis? Unachukuaje?"

"Evaline, nisikilize..."

Alikata. Simu ikaita mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akaizima, akaingia darasani na kuwafundisha kidato cha pili vipeo kwa sauti ya vita. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

Lililomchoma zaidi lilikuwa sheria ya tovuti. Lebo ya kitu ikikaa siku saba, inafungwa, haibadiliki tena milele. Vitu vilipandishwa Jumatatu, na nywila ya ukurasa anayo Gidamis peke yake. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

"Si umwombe arudishe?" Zita akamshauri.

"Nimwombe mwizi?"

"Unampenda."

"Nampenda ndiyo! Ndiyo maana nataka kumpasua!" Na hapo machozi yakamtoka, akayafuta kwa hasira kwa pindo la kanga.

Asubuhi ya Jumamosi aliamua jambo moja. Ahadi yake imevunjika, basi angalau atakwenda kuwaambia wenyewe kwa mdomo wake. Alivaa gauni la bluu la kanisani, akafunga kilemba, akabeba laptopu mgongoni, akakata shamba la mahindi kwenda kwenye boma la mzee. Alijua mke wa mzee alikufa zamani. Alichosikia ni kwamba mwana na mkewe walikuwa wamehamia pale kutoka Babati baada ya mazishi.

Mama aliyemkuta uani alikuwa wa makamo, mwenye bangili za shaba mkononi na sweta la shule lililochakaa, anapepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

"Mimi ni mwalimu wa hapo shuleni. Nimekuja kwa ajili ya mzee Gidabuday."

Mama alishtuka, akatazama pembeni. "Mzee wa hapa," akasema taratibu.

"Ndiyo, Gidabuday. Alinipa ruhusa nipige picha vyombo vyake..."

"Mzee wa hapa," mama akarudia, ungo umesimama mkononi.

"Nikamwahidi kwamba jina la Gidabuday..."

"Mwalimu, jamani! Nipunguzie!" Mama akacheka, akaziba uso kwa kiganja. "Unalitaja kama unaita daftari la darasa. Mimi ni mke wa mwanawe. Kwetu, mke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wala la wazee wa mume wake. Hata akifa. Miaka thelathini sijalitia mdomoni, na wewe umenimwagia mara tatu kabla sijakupa maziwa."

Evaline aliomba radhi, uso unamwaka. Hakulijua hilo. Jirani na Wabarbaig umri wake wote, hakulijua.

"Si kosa lako, wewe hujaolewa hapa," mama akasema. Akamwangalia vizuri, kuanzia kilemba hadi viatu. "Mwalimu wa hesabu? Wa Masieda? Mwenye sauti?"

"Ndiyo..."

"Ahaa! Kumbe ndiwe wewe! Mwanangu Gidamis hana wimbo mwingine. Alikuja Pasaka akaniuliza, mama, mwanamke wa Kimbulu akija kwenye nyumba hii, naye atafuata mambo ya majina? Nikamwambia, akiolewa hapa ni wa hapa, atafuata."

Evaline alisimama. Akaketi. Akasimama tena.

"Gidamis yupi, mama?"

"Gidamis wa kafe. Mjukuu wa mzee wa hapa. Kwani wewe unamjua mwingine?"

Hapo ndipo kila kitu kilipompambazukia, na msidhani alitulia. La! Hasira ya mwanzo ilitoka, ikaingia nyingine mpya, yenye nguvu kuliko ile. Na kama vile ameitwa, Gidamis akatokea kwenye njia ya mahindi, vumbi la Babati mpaka kwenye nyusi, begi begani, anahema. Alikuwa amepita nyumbani kwa akina Evaline, Zita akamwelekeza, akaja mbio.

"Evaline..."

"Ulinioa lini, Gidamis?"

Gidamis akagwaya.

"Nakuuliza! Ulinioa lini? Nilikuwa wapi siku hiyo? Nilikuwa nimevaa nini? Maana naona wewe umeshaoa, umeshamaliza, umebaki kunifundisha kunyamaza!"

"Nilikuwa nataka kukulinda," Gidamis akasema. "Wewe husoma kila kitu kwa sauti, hata bango la sabuni. Vitu ishirini na vinne, kila siku, mbele ya mama yangu... Nikasema mimi ni mjukuu, mimi ninaruhusiwa kulitamka, basi ahadi nitaibeba mimi. Ningeandika habari za babu kwenye ukurasa wangu, yote, na jina lake juu kabisa. Ndiyo maana niliweka jina langu, nipate pa kuandika."

"Na umeandika?"

"Bado."

"Bado! Na kwamba ni babu yako, hukuniambia kwa nini?"

"Siku ile ya kwanza niliona aibu." Sauti yake ikashuka. "Wewe ulikuwa kwenye mazishi yake. Mimi mjukuu nilikuwa Arusha, sikuja. Umeniambia watu hawakufika hamsini, na mimi sikuwa mmoja wao. Ningesemaje?"

Hilo lilimwingia Evaline. Lakini hasira haikumtoka.

"Pole kwa hilo. Ila alikufa akiniambia mimi, siyo wewe. Ungeniambia, Gidamis! Ungekaa hapo kwenye kiti chako ukasema, Evaline, nataka kukuoa, na kwetu jina hili lina miiko. Ningekupigia kelele, tungegombana, tungemaliza. Wewe ukanyamaza, ukafuta. Sasa ama nivunje neno la marehemu, ama nisiolewe kwenu. Ndivyo ulivyonipangia."

Mama Gidamis alikuwa amekaa muda wote, ungo mapajani. "Hebu nionyesheni hicho mnachogombania," akasema.

Wakaiweka laptopu juu ya gogo. Modemu ikatafuta mtandao, ikaupata. Mama akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Alikiona kigoda, akaguna. Akaona ule ufa mdogo kwenye mguu mmoja, ambao Evaline alikuwa ameuchora siku mbili nzima.

"Ni chenyewe," mama akasema pole pole. "Hapa ndipo mume wangu Vicent alipokiangusha tukiwa bado wapya kwenye ndoa. Na jina lilikuwa limeandikwa wapi?"

Gidamis akaonyesha kwa kidole.

"Limeandikwa tu? Halisemi lenyewe?"

"Halisemi, mama. Ni maandishi."

Mama akamgeukia mwanawe, na sasa ikawa zamu yake kukasirika. "Wewe mtoto! Madaftari yako ya shule ya msingi, nani aliyaandika majina? Gidamis, Vicent, na la tatu, la babu yako? Baba yako alikuwa kazini, ni mimi niliandika, kwa mkono huu, na kadi zenu za kliniki pia. Mdomo wangu ndio uliokatazwa. Mkono nani kaukataza? Umesomea kompyuta mpaka macho mekundu, hili hukuweza kuniuliza?"

Evaline alitaka kucheka, akakataa kumpa Gidamis raha hiyo.

"Nywila," akasema akiwa amenyoosha mkono.

"Nitaandika mimi, wewe umechoka..."

"Nimesema nywila. Ahadi ni yangu, naandika mimi. Na mahali pa jina la aliyeleta uweke majina yetu sote wawili, langu la kwanza. Hayo mengine yako ya kuoana, tutaangalia kama bado nina moyo."

Gidamis akaitaja. Evaline akakaa kwenye nyasi, gauni la kanisani na yote, akaanza. Kirago cha Gidabuday. Kibuyu cha Gidabuday. Upepo ulipeperusha kilemba, akakirudisha, akaendelea. Gidamis alikaa hatua mbili kutoka kwake, hakuthubutu kusogea. Kila kitu kilipokubali, tovuti ilitoa alama ndogo ya kijani, naye alikuwa anazihesabu kimoyomoyo. Mama aliingia jikoni kukoroga uji.

"Mmemaliza?" sauti ikatoka ndani baada ya muda.

"Bado kimoja, mama," Gidamis akajibu.

"Kipi hicho?"

Evaline aliinua uso kutoka kwenye kibodi. Alikuwa na jina kwenye ulimi, kama alivyokuwa nalo miaka miwili yote. Alimwangalia Gidamis, na Gidamis akamwangalia yeye, uso umejaa vumbi na woga.

"Kigoda, mama," Evaline akasema. "Kigoda cha mzee wa hapa."

Mwiko ulianguka jikoni. Mama alitokea mlangoni, mkono kifuani, akashindwa hata kupiga kigelegele. Gidamis alikuwa amesimama bila kujua amesimama.

"Evaline, umesema..."

"Nyamaza. Bado nimekukasirikia, na nitakukasirikia mpaka Krismasi." Aliandika jina la mzee lote, herufi moja moja, akabonyeza, akangoja hadi alama ya kijani ilipotokea. Ndipo akafunga laptopu, akazipangusa nyasi zilizoshika gauni, bado amekunja uso. "Haya sasa, uliza. Na uulize vizuri, mama yako anasikia. Halafu utakwenda kuuliza tena Masieda kwa baba yangu, naye anafoka kuliko mimi."

Gidamis akauliza.